Donge Lililotoka Basoko

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Mado,

Nakusalimu katika Bwana wetu. Habari ya mwili wako? Umelala vizuri? Mgongo haukuumi kwa kukaa juu ya magunia ya watu? Sisi huku tu wazima, baba yako pia ni mzima, ila goti lake la kushoto, na hilo unalijua.

Najua unacheka. Asubuhi hii tumekunywa chai kwenye meza moja, kanisani ulikaa karibu yangu, na sasa hivi uko Mangobo na baba yako mnazunguka kuaga watu. Lakini barua hii nimeificha ndani ya ile sweta yako ya kijani, na utaiona kesho utakaposikia baridi ya mtoni, Yangambi ikiwa nyuma yenu. Mtu aliye mbali anaulizwa hali kwanza. Hivyo ndivyo mwalimu wa katekisimu alivyonifundisha kuandika barua, na ndiyo karibu shule yangu yote.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala kuchemsha maji, wala namna ya kuwasalimu askari kwenye vizuizi vya mtoni. Hayo nimeyasema tangu Jumatano, mpaka wewe mwenyewe ukawa unayamalizia kabla sijafika katikati. Leo nina jambo lingine, nalo ni la mawe, na la tonton Léonard, mjomba wako wa Basoko.

Kesho kutwa utaingia katika nyumba yake. Utakula chakula chake, utafanya kazi kando yake. Mimi sipendi uingie mule bila kujua kitu ambacho mama yako alimfanyia mwenye nyumba. Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na tangu kabla hujazaliwa kuna neno moja ambalo sijamwambia. Wiki hii nilianza kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ukaniuliza kama nimeona ule ufunguo wako wa kumi na tatu, wa kufungulia nati. Mara ya pili Mama Régine akaingia bila kupiga hodi. Mara ya tatu ulikuwa unakula lituma, zile ndizi za kuponda, na mimi nikapenda kukuangalia tu. Bon, karatasi jirani hawezi kuikatiza. Nitaandika yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu si wewe peke yako utakayeisikia barua hii.

Wewe Tantine, ile mashine ya kuoshea mawe ya machimboni, uliijua ilipokuwa imekwisha kufa. Kwako ilikuwa chuma cha kuchezea, mlipanda ndani yake na wenzako mkasema ni meli. Mimi niliijua ikiwa hai. Wazungu walioileta zamani walikuwa na jina lao refu la Kifaransa, lakini kule kwenye machimbo hakuna aliyelitumia. Tuliiita Tantine kwa sababu ilikuwa kama shangazi anayekuja kukaa wiki moja: inakula sana, inanung'unika tangu asubuhi, na hamna anayetoka mbele yake akiwa mchafu.

Mawe yetu yalitoka shimoni yakiwa mekundu. Ule udongo wa kwetu unaujua, unashika jiwe kama mtoto anavyoshika mgongo wa mama yake. Ukilimwagia jiwe maji peke yake unajichosha bure. Tantine ilikuwa hori refu la chuma, upande mmoja umeinuliwa, na ndani yake vyuma viwili virefu kama magogo, vimejaa mikono ya chuma pande zote, vinazunguka vikitazamana. Mawe yanaingia chini, ile mikono inayasukuma kupanda. Maji yanaingia juu na kushuka. Humo katikati mawe yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na huko kusuguana ndiko kunakoyatoa udongo. Maji mekundu yanatoka chini kwenda kwenye mashimo ya kutulia, mawe meupe yanadondoka juu kwenye mkanda, mkanda unapita mbele yetu sisi wanawake wa meza.

Umeme ulitoka pale pale kwenye maporomoko ya Tshopo, na maji yalitoka mto ule ule. Tonton Léonard alikuwa anasema, "Mutoni inatupa maji ya kufua na nguvu ya kufulia. Kitu inabaki ni sabuni, na sabuni ni mawe yenyewe."

Yeye ndiye aliyekuwa juu, kwenye kibaraza cha mashine, akipima mawe ya kuingiza. Hakupima kwa macho. Alisikiliza. Mawe yakiwa ya kiasi, Tantine inalia kama watu wengi wanaotafuna mahindi ya kukaanga. Ukizidisha, sauti inashuka, inakuwa nzito, na hapo ujue udongo haufi tena. Unajiviringisha. Unafanya madonge ndani ya hori, na yale madonge yanazunguka pamoja na mawe, yanajivika changarawe ndogo ndogo na mchanga, mpaka yanatoka juu yakiwa mviringo, mazuri, mazuri kupita mawe yenyewe. Ukiliangalia donge la namna hiyo utaapa ni jiwe.

Sisi wanawake wa meza tuliwekwa pale kwa ajili ya hayo madonge tu. Kazi yetu ilikuwa ukucha wa dole gumba. Mwanamke wa meza hakati ukucha wa kulia. Akina mama waliotutangulia walitufundisha hivyo, na mpya akija na ukucha mfupi wanamrudisha akaoshe ndoo mpaka uote. Kila jiwe la mviringo linalopita unalibonyeza. Likikataa, linakwenda. Ukucha ukiingia, unalitupa nyuma yako. Sokoni watu walitujua kwa ule ukucha mmoja. Bibi mzaa baba yako siku aliyokuja kuniposa kwa ajili ya mwanawe, kitu cha kwanza alichotazama ni mkono wangu, akasema, "Ule wa Tantine? Basi huyu hatamudanganya mutu kwa jiwe." Nikacheka pamoja na wengine. Moyoni sikucheka.

Nafika sasa.

Ilikuwa miaka miwili kabla hujazaliwa. Parokia ilikuwa inajenga ngazi mpya za kanisa, zile zile ulizopanda asubuhi hii ukiwa na kitambaa cha bluu kichwani. Mawe yake yalitoka kwetu. Lori lililokuja kuyabeba liliendeshwa na kijana mmoja mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za misa akirudi nyuma na lori, kwa sauti ya pili, kana kwamba kuna mtu mwingine ndani anayeimba ya kwanza. Huyo ni baba yako.

Alilisimamisha lori karibu kabisa na meza yetu. Akashuka, akaegemea mlango. Akaniuliza kama kweli ule ukucha unaumiza. Nikamwambia, "Leta mukono uone." Akaleta. Mado, mwanangu, sijui nilikaa namna ile dakika ngapi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado unasogeza mawe juu ya mkanda kama kawaida, watu wangeniona wangesema Philo anafanya kazi. Macho hayakuwepo. Mwenzangu wa meza siku ile alikuwa mgonjwa, nilikuwa peke yangu, na mvua ya jana yake ilikuwa imelifanya shimo lote kuwa tope, na siku ya tope madonge ni mengi hata mawe yasipozidishwa. Madonge yalipita mbele yangu kama wageni kwenye arusi, yote yakaingia ndani ya lori la baba yako.

Baba yako mpaka leo anasimulia kwamba nilikuwa ninaangalia lori. Mwache.

Ngazi zikajengwa, nzuri, nyororo, askofu akaja kuzibariki. Mvua za kwanza zikanyesha. Donge likiwa ndani ya saruji linasubiri tu, likipata maji linayeyuka na kutoka taratibu, na mahali pake panabaki tundu. Baada ya masika yale ngazi zilikuwa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Tundu moja, la ngazi ya tatu upande wa wanaume, lilikuwa kubwa hata chura akahamia. Watoto wa katekisimu walimpa jina la ubatizo.

Watu wakacheka, lakini kule kwenye machimbo hakuna aliyecheka. Mkubwa wa kazi akatukusanya wote mbele ya Tantine. Akauliza nani alikuwa juu siku ile. Tonton wako akasema, "Ni miye." Akaulizwa kama alizidisha mawe. Akageuka kuniangalia. Hakuniangalia usoni. Aliangalia ukucha wangu. Halafu akasema, "Labda nilikuwa na haraka, chef."

Kaka yangu hajawahi kuwa na haraka hata siku moja katika maisha yake. Kula kwake tu ni saa nzima. Wote pale walilijua hilo, na mimi kuliko wote. Nilikuwa na neno moja la kusema, mdomo wangu ukawa mzito kama Tantine iliyoshindiliwa. Nilikuwa nimeposwa wiki ile. Niliogopa familia ya baba yako isije ikasema, yule msichana hata ukucha wake unadanganya. Nikanyamaza. Yeye akafukuzwa pale pale. Akavua buti za kazi, akazipanga vizuri chini ya ngazi ya kibaraza, akaenda zake. Mwezi uliofuata akapanda mashua ya kwenda Basoko kutengeneza mota za wavuvi. Arusini kwangu hakuwepo.

Kilichoniuma kupita yote ni mama yetu, bibi yako. Yeye aliamini. Kila barua ya Basoko ilipofika alisema, "Ule mutoto na haraka yake." Alikufa akilisema hilo, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Nilikwenda kuungama. Si mara moja. Padri yule mzee wa wakati ule, Mungu amweke mahali pema, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nyuma ya kile kitambaa:

"Mungu amesikia, mama. Na kaka yako, yeye amesikia?"

"Bado, padri."

"Basi malipizi yako iko Basoko."

Nikajibu ndiyo, padri. Na kila mwaka kulikuwa na sababu. Kwanza ulikuwa tumboni. Halafu ulikuwa mgongoni. Halafu mashua zikawa chache. Halafu vita vikaja, mto ukafungwa, na nasema kweli mbele ya Mungu, siku nilipoambiwa mto umefungwa kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyopumua. Tazama mama yako. Watu wanalia njaa kwa sababu ya mto, naye anauona mto umemsaidia kuficha neno.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Siku nyingi nilikuwa mwenye furaha, hilo ndilo la ajabu. Kila Jumapili nilipanda zile ngazi nikijua tundu hili ni langu, na hili ni langu, nikaingia ndani nikaimba kwa sauti yote. Nilimpata baba yako kwa kosa lile, nikakupata wewe. Siwezi kulichukia moja kwa moja. Nilichochukia ni kile kimya.

Sasa nije kwenye ile habari ninayopenda kuisimulia, hata kama ulikuwepo.

Zile siku za mabomu, majeshi ya nchi nyingine yalipochagua mji wetu yapigane ndani yake, sisi tulikuwa chini ya kitanda, unakumbuka, na baba yako akaimba zaburi yote kwa sauti ya pili. Tulipotoka, Tantine, iliyokuwa imesimama tangu zamani, sasa ilikuwa haina mota, haina nyaya, hata mkanda wamekata. Lori la baba yako lilikuwa limelala ubavu. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na matundu, na watu walikuwa wanatafuta changarawe safi za kuzibia. Nikachukua kikapu nikaingia mtoni Tshopo na wanawake wawili wa meza ya zamani, tukaosha mawe kwa miguu, kama wanaokanyaga mihogo. Kutwa nzima, karai mbili tatu. Wewe ulikaa kwenye jiwe ukituangalia, shule imefungwa, umekunja uso. Nikafikiri una huzuni. Kumbe unahesabu.

Ukaomba pipa. Ukalitoboa matundu kwa msumari wa moto siku nne. Halafu ukaenda kujipenyeza kwenye tumbo la lori la baba yako na ule ufunguo wa kumi na tatu, ukatoa vile vyuma vya springi, ukavifunga ndani ya pipa viwe mikono. Baba yako alisimama akiangalia lori lake linavyopungua. Siku ile alikuwa amekwisha kuwa mtu wa toleka, anabeba abiria kwa baiskeli kama nusu ya wanaume wa mji huu, na wewe ukamwambia, "Papa, niazime velo. Na miguu yako."

Ile siku ya kwanza siisahau hata mbinguni. Baiskeli imesimamishwa juu ya gogo, gurudumu la nyuma haligusi chini, mnyororo wa pili unakwenda kwenye pipa, maji yanaingia kwa bomba la mwanzi. Baba yako akapanda, kofia kichwani, akaanza kukanyaga. Mama Régine akapita na beseni lake la kwanga, ile mikate ya mihogo.

"Papa Fidèle, weye unaenda wapi na hiyo velo?"

"Minaenda Basoko."

"Na utafika lini?"

"Uliza Mado. Yeye njo iko dereva."

Mama Régine akaweka beseni chini, akajifunga upya liputa lake la kitenge, akapanda nyuma kwenye kiti cha abiria. "Alors twende. Lakini usipitie barabara ya mashimo, miye niko na mimba ya miaka hamsini." Na baba yako akakanyaga, Mama Régine nyuma anapungia watu mkono, anauliza kila mara, "Tumefika? Ile kule si Basoko?" Watu wakajaa mpaka ng'ambo. Siku zile hakuna aliyekuwa amecheka mjini kwa muda mrefu, na kicheko kile kilitoka kama maji yaliyozuiwa.

Nami nikasikia pipa. Lilianza kulia kama watu wanaotafuna mahindi. Mawe yakatoka meupe. Nikayabonyeza kwa ukucha, moja moja, na yote yakakataa. Nikasema moyoni, Léonard angesikia hii.

Na kumbe alisikia. Watu wa mashua hawanyamazi. Mto ulipoanza kufunguka tena, barua yake ikaja na kile kifurushi cha samaki wa kukausha. Barua uliisoma wewe mwenyewe: masista wa kule wanataka kujenga nyumba ya kuzalia akina mama, saruji inafika mifuko michache michache, kila mfuko umepita vizuizi sita, haiwezekani kuichanganya na mawe ya matope. Amepata magogo mawili ya mti mgumu na pirogue moja, mtumbwi wa zamani, anataka kuyafanya Tantine ya mbao. "Niazimeni huyo binti wa pipa mpaka mvua zianze." Na mwisho, unakumbuka: "Philo, nimekuwekea jiwe moja zuri la mto Aruwimi, la kusagia pilipili. Uliangalie vizuri."

Jiwe lilikuwa zuri. Mviringo, la kujaa kiganja, lina changarawe ndogo zinazong'aa. Nikaliweka dirishani siku mbili. Siku ya tatu nikataka kusaga pilipili. Nilipolishika, dole gumba likafanya kazi yake lenyewe, bila kuniuliza.

Ukucha ukaingia.

Ulinikuta jikoni nimekaa chini nacheka, machozi yanamwagika mpaka kidevuni. Ukauliza kuna nini, nikakuambia ni pilipili. Haikuwa pilipili, mwanangu. Lilikuwa donge la udongo. Tonton wako alikuwa amelifinyanga kwa mikono yake, akaliviringisha kwenye mchanga, akalikausha kivulini. Donge la ukubwa ule ukiliharakisha linapasuka. Linataka siku nyingi, na kuligeuza kila asubuhi. Yeye, mtu wa haraka.

Basi alijua. Alijua tangu siku ile. Kutoka juu ya kibaraza meza yetu ilionekana yote, mimi na mkono wa dereva mkononi mwangu. Angeweza kusimamisha mashine, hakusimamisha. Labda alipenda kuona dada yake anatabasamu. Sijui. Utamuuliza. Ninachojua ni kwamba mtu mwenye kisasi hakai wiki mbili akigeuza donge ili kumchekesha aliyemkosea. Niliona aibu na furaha pamoja, na furaha ikawa nyingi zaidi.

Lakini kujua kwake hakunifungui mimi. Amenirushia neno, sasa zamu ni yangu.

Jana, ulipouliza kwa nini liputa langu limejaa udongo, nilitoka kaburini kwa bibi yako. Nilipiga magoti nikamwambia kwa sauti, kama ninavyokuambia wewe, kwamba mwanawe hakuwa na haraka. Mlinzi wa makaburi alidhani nimeshikwa na homa. Na Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasimama pale kwenye ngazi ya tatu, kwa chura, nitawaambia wazee wote wa machimbo waliobaki. Mama Régine nimemwomba asimame karibu yangu. Amekubali, tena amesema ataleta kiti, maana anadhani nitahubiri.

Wewe ninakuomba kitu kimoja. Donge nimelirudisha. Liko ndani ya kopo la maziwa, chini ya nguo zako, nimelizungushia majani makavu ya ndizi lisivunjike. Siku utakayofika, mkimaliza kula, nawe usimharakishe kula kwake, omba beseni la maji. Litie donge ndani, mbele yake. Usiseme kitu. Maji yataanza kuwa mekundu. Hapo uitoe barua hii umsomee tangu juu, na ukifika hapa msomee polepole:

Léonard kaka yangu, ni mimi. Siku ile mkono ulikuwa juu ya mkanda, macho yalikuwa kwa Fidèle. Wewe hukuzidisha mawe. Nilijua, nikanyamaza ukafukuzwa, na mama yetu akafa bila kujua. Nisamehe. Mtoto niliyempata siku zile ndiye huyu anayekusomea. Nakuazima huyo, ila mwenyewe utamrudisha, kwa mashua, mpaka hapa kwangu. Lituma itakuwa tayari, na utakula kwa saa nzima.

Basi Mado. Mimi si padri, sitageuza mawe kuwa mahubiri. Nimebaki na maneno mawili tu. Ile Tantine ya mbao, msiishindilie hata masista wakiwa na wasiwasi wa mvua. Sikiliza sauti, tonton atakufundisha. Na vijana watakuja kusimama karibu na meza yako. Watakuja, najua sura yako, ni ya baba yako. Waangalie, mwanangu, kuangalia si dhambi. Ila simamisha mashine kwanza.

Nasikia kengele ya baiskeli, mmerudi, na baba yako anaimba. Ninafunga. Mungu Baba akulinde mtoni na nchi kavu, Bikira Maria akushike mkono. Ukucha usiukate.

Tafadhali unijibu upesi, kwa mashua ya kwanza itakayopanda. Uniambie ulipitaje njiani, na tonton wako alifanya nini maji yalipokuwa mekundu.

Mimi mama yako,
Philomène